Ukingo Ambao Sikuuchora

Mjomba wangu alikuwa na kipara kinachong'aa tangu nilipoanza kumfahamu, na bado karakana nzima ilimwita Unywele. Jina lilitokana na kazi yake. Ukimpelekea kipande cha chuma ukamwambia kimezidi kidogo, alikuuliza, "Kimezidi unywele mzima au nusu unywele?" Wala hakuwa anatania. Alitaka kujua apunguze kiasi gani, na akishapunguza, ukipima unakuta ndivyo. Wageni walioelekezwa "nendeni kwa Unywele" wakapokewa na kichwa kama kitasa cha mlango walishindwa kujizuia. Aliwaacha wacheke mpaka wamalize, kisha akawauliza kama wamekuja na kazi au wamekuja kuangalia sinema.

Alikuwa mdogo wake mama yangu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, na yeye ndiye aliyekuja kunichukua, akanibeba mgongoni na sanduku langu mkononi. Mkewe nilimwita Mama tangu wiki ile ile, bila mtu kunifundisha. Mjomba alisoma madarasa saba tu. Kuanzia hapo alijifunza kwa fundi mmoja mkali aliyekuwa akitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu kila kazi isiyompendeza, na baadaye akaajiriwa kwenye karakana ya chuo kikuu. Huko alikaa miaka thelathini na moja, mashine moja, dirisha moja, kiti kimoja chenye mto alioushona mwenyewe.

Nami nikaja kusoma kwenye chuo hicho hicho. Nilipofika hatua ya kufanya utafiti wangu wa mwisho, ule wa kupata udaktari, nilihitaji fundi wa kunitobolea vibati vidogo vya shaba. Bahati ikanidondokea. Mpwa juu na michoro yake, mjomba chini na mashine yake, ghorofa moja tu katikati yetu. Watu walituonea wivu.

Nieleze kazi yenyewe, na naomba msinikimbie. Hewa inayopita juu ya bawa la ndege hupenda kuufuata mgongo wa bawa. Ukiinua pua ya bawa kupita kiasi, hewa ile inachoka njiani, inabanduka mgongoni na kuanza kuzunguka ovyo, na bawa halibebi tena. Ndege iliyofika hapo iko mashakani. Dawa mojawapo ni kutoboa tundu dogo mgongoni mwa bawa, kabla kidogo ya pale hewa inapobandukia, na kupuliza hapo hewa nyingine kwa mapigo ya haraka, ili ile iliyochoka ipate nguvu ya kuendelea kushika njia. Chini ya tundu langu kulikuwa na kiwambo kama cha spika ndogo, kinavuta na kusukuma mara mia kadhaa kwa sekunde. Swali langu la miaka minne lilikuwa hili: tundu hilo liwe na umbo gani? Duara, mraba, au ufa mwembamba uliolala kukingama njia ya upepo?

Mama aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani mwanangu, miaka yote hiyo unasomea matundu? Si ungebaki tu hapa nyumbani ukae na mjomba wako?"

"Tundu si jambo la kuchezea," mjomba alisema, uso mkavu. "Wewe mwenyewe juzi ulilia kwa tundu la sufuria."

Alinitengenezea vibati vitatu, kila kimoja na tundu lake. Ufa ndio uliokuwa mgumu kuliko vyote. Upana wake nusu milimita, urefu milimita ishirini, kwenye shaba nyembamba kama kucha. Alifanya kazi ile siku mbili, hakumruhusu mtu kufungua mlango kwa nguvu. Alipomaliza kukata, akachukua kijiti cha kiberiti, akakichovya kwenye ile dawa nyeupe ya kung'arishia shaba, akakipitisha taratibu kwenye ukingo wa juu wa ufa, mara nyingi, upande mmoja. Kisha akasogeza kibati mdomoni, akagusisha ukingo kwenye mdomo wa chini. Mdomo, alisema, unahisi ukali ambao kidole hakiuoni. Alifanya hivyo kwa kila kazi iliyopita mikononi mwake, iwe kubwa au ndogo, na hakuna mchoro uliowahi kumwambia afanye. Kwake ilikuwa adabu tu. Kitu unachomkabidhi mtu hakitakiwi kumkata.

Nilimwona akifanya hivyo tangu utotoni, ndiyo maana nilikuwa nimeacha kuliona.

Siku ya kujaribu alipanda juu na aproni yake, akasimama karibu na kioo. Handaki letu la upepo ni sanduku refu, mtu anaweza kulala humo na kujinyoosha, lina feni kubwa mwisho wake na dirisha ubavuni. Ndani kuna bawa la mbao urefu wa mkono, na mgongoni mwake nimegandisha nyuzi fupi nyeupe, safu kwa safu. Nyuzi zikilala, hewa imeshika njia. Zikisimama na kuchezacheza, imebanduka. Tulianza na duara, likasaidia kidogo. Mraba ukawa hivyo hivyo. Tukaweka ufa. Niliinua pua ya bawa digrii kumi na tano, mahali ambapo siku zote hewa hutushinda, nikawasha kiwambo, na zile safu zote zilizokuwa zikihangaika zikalala kwa pamoja.

"Zimelala kama watoto walioshiba," mjomba alisema.

Msimamizi wangu, mzee wa watu, hakuwa mtu wa kusifia, lakini siku ile alinipa mkono mara mbili. Kisha akafanya kile ambacho msimamizi mzuri anapaswa kufanya. Aliniambia nipate kibati cha pili chenye ufa ule ule, matokeo yale yale yatoke tena, ndipo tuamini. Akaongeza kwamba kwenye kibati cha duara ameona mkwaruzo ambao haumo kwenye mchoro. "Mwambie fundi afuate mchoro," alisema. Ni jambo dogo, alilisema kwa upole, lakini mimi lilinichoma. Nilijua kuna watu wanaonong'ona kwamba ninabebwa na mjomba.

Nikashuka karakana na hasira ya kujitakia. Walikuwepo mafundi wengine watatu. Sikumwamkia hata. Nikamwekea mchoro mezani, nikamwambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mjomba, safari hii fanya kilichochorwa, basi. Usiongeze chochote kwa mkono wako."

Akavua miwani. "Chochote?"

"Chochote."

"Hata ukingo nisiuguse?"

"Hata ukingo! Mimi ndiye niliyechora, mjomba, najua ninachotaka."

Nilikuwa nimeshageuka. Ulimi wangu siku zote hunitangulia, na masikio hufika mwisho, kama yanafika. Nyuma yangu nikamsikia akisema, "Haya, mama," kwa lile jina aliloniitia nikiwa mdogo na nimenuna.

Alinikabidhi kibati cha pili kikiwa kimefungwa kwenye karatasi. Akaniambia niangalie kisinikate. Kilinikata, kidole gumba, nikiwa nakifunga kwenye bawa, nikatukana.

Nikainua pua digrii kumi na tano, nikawasha. Nyuzi zikaendelea kuruka. Nikazima, nikawasha tena. Nikabadili kiwambo. Nikabadili nyaya. Nikarudisha kibati cha kwanza, nyuzi zikalala. Nikaweka cha pili, zikasimama. Siku tisa nilifanya hivyo, kichwa kinawaka moto. Nilipima upana wa ufa kwa vipimo vyote tulivyokuwa navyo, nikaona sawa na ule wa kwanza. Urefu, sawa. Unene, sawa. Mchoro mmoja, fundi mmoja, vibati viwili, na kimoja kinasema uongo.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo ninapojichukia. Sikumuuliza. Ghorofa moja tu chini yangu. Ningeweza kushuka na vibati viwili mkononi nikasema, mjomba, kuna tofauti gani hapa? Angenijibu kabla sijakaa. Badala yake nilianza kukumbuka mambo. Kwamba siku hizi akisoma mchoro anaushika mbali na macho, mkono umenyooka. Kwamba wiki iliyopita aliangusha kikombe. Kwamba ana miaka hamsini na nane. Nilijikusanyia ushahidi, moja juu ya moja, na nilipomaliza nilikuwa nimemhukumu.

Kwenye ripoti ya maabara nikaandika: "Tofauti inatokana na utengenezaji. Kwa umri wake, mikono ya fundi haitoi tena uhakika kwa kazi ndogo kiasi hiki." Mistari miwili. Niliona nimeandika kwa heshima.

Ripoti ina miguu kuliko mwandishi wake. Ikafika kwa mkuu wa karakana, ikafika utawala. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walisema ni mzee wao, apewe kazi nyepesi. Ndani ya mwezi mjomba alitolewa kwenye mashine yake akapelekwa stoo, kugawa glavu, mafagio na balbu. Alihama na ule mto wake wa kiti. Watu wanasema hakulalamika, na mimi naamini, kwa kuwa kulalamika angepaswa kulalamika juu yangu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda nyumbani kama kawaida, nimejifanya hamnazo. Tulipobaki wawili alinionyesha nakala ya ile ripoti, imekunjwa vizuri.

"Ni wewe uliyeandika haya?"

"Ni mimi, mjomba. Ni mambo ya kazi tu, usiyachukulie moyoni."

"Sijakuuliza kwa ubaya." Akatazama viganja vyake, akavigeuza, akatazama upande wa pili. "Uliiona mikono hii ikitetemeka?"

Ningesema hapana. Ilikuwa kweli, sikuwahi kuiona. "Matokeo ndiyo yaliyoonyesha," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi sikuhisi kitu. Lakini nyinyi mna vipimo."

Basi. Hatukulizungumza tena. Nikarudi kwenye matundu yangu. Vibati vingine tuliagiza kwenye kiwanda chenye mashine inayokata bila mkono wa mtu, na vilipofika vilikuwa safi, vimefuata mchoro mpaka nukta ya mwisho. Vyote vilishindwa. Nilivijaribu kimoja kimoja kwa miezi kumi na moja. Kile cha kwanza peke yake ndicho kilichoendelea kulaza nyuzi, kila mara.

Siku moja, nimechoka kufikiri, nikakiweka chini ya hadubini. Nilikuwa nimekipima mara mia kutoka juu. Safari hii nilikilaza ubavu na kumulika taa kutoka pembeni, na nikaona ambacho kipimo cha upana hakikuweza kukiona. Ukingo mmoja wa ufa haukuwa mkali. Ulikuwa umeviringwa, laini, kama ngazi ya mawe iliyokanyagwa miaka mingi. Nikaweka cha pili, ukingo ulikuwa mkali kama wembe. Vya kiwandani, wembe vilevile.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Hewa inayotoka kwenye ukingo mkali huruka moja kwa moja juu na kuondoka zake. Ikitokea kwenye ukingo ulioviringwa, hupinda, ikalala juu ya mgongo wa bawa na kuikokota ile iliyochoka. Umbo nililokuwa nalitafuta miaka yote halikuwa ufa peke yake. Lilikuwa ule upole wa mwisho alioutia mjomba kwa kijiti cha kiberiti, ili kibati kisinikate. Na kibati cha pili alikifanya bila upole huo kwa sababu nilimkataza mbele za watu. Mikono yake haikukosea hata mara moja. Ilinitii.

Nililia. Nitasema ukweli, aibu ilitangulia na huzuni ikafuata.

Stoo ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale nilipokaa. Mtu mwenye moyo angekimbia. Mimi nilifuta uso nikaanza kuhesabu nitakavyoonekana. Ningelazimika kuifuta ripoti yangu mwenyewe, msimamizi angeniuliza kwa nini sikushuka kumuuliza fundi, na utetezi wa utafiti wangu ulikuwa umekaribia. Nikajidanganya kwamba ni vizuri nimpelekee habari iliyokamilika, yenye barua na muhuri, kuliko kumpelekea nusu. Nikaandika sura nzima juu ya ukingo ulioviringwa, nikaipamba kwa michoro na hesabu. Ndani yake yeye alikuwa neno moja: "fundi". Miezi saba ilipita hivyo. Nikafaulu, wakanipigia makofi, nikaitwa daktari.

Baada ya makofi ndipo nilipomweleza msimamizi. Akauliza, "Na yeye anajua?" Nikasema bado. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ninayemheshimu. Kesho yake aliandika barua mwenyewe, akafuata sahihi ofisi kwa ofisi. Barua ilisema kwamba fundi alionewa, kwamba kosa lilikuwa la mtafiti, na kwamba mashine yake inamsubiri, ama kufanya kazi ama kufundisha wengine, atakavyopenda yeye.

Mjomba hakuwepo stoo. Alikuwa ameomba kuacha kazi miezi miwili kabla, na mimi kwa shughuli za utetezi sikuwa nimefika nyumbani. Nikaenda Jumamosi asubuhi na barua, picha za hadubini zilizokuzwa, kipande cha shaba kisichokatwa na boksi la kiberiti. Njia nzima nilikuwa na furaha. Naona haya kuisema, lakini nilikuwa nayo. Niliona kama nimebeba zawadi.

Mama alinifungulia. Komeo la mlango lilikuwa limevunjika, limefungwa kwa kamba. Nikashangaa, katika nyumba ile.

"Hagusi kitu," Mama alininong'oneza koridoni. "Nikimpa sindano anitungie uzi anasema niite jirani. Mjukuu wetu akiletwa hambebi, anadai atamwangusha. Saa yake imesimama, ameitia kabatini. Mwanangu, nimesema mpaka nimechoka. Labda wewe atakusikia."

Alikuwa sebuleni, amekaa, mikono ameifumbata mapajani kama vitu alivyoazimwa. Kope na nyusi zimekuwa nyeupe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Nasikia umekuwa daktari. Hongera sana. Nilijua tu."

Nikapiga magoti palepale kwenye mkeka, nikamwambia yote. Sikujitetea. Nikamwonyesha picha, nikamwonyesha ukingo wake na ukingo wangu, nikamsomea barua kuanzia juu mpaka kwenye muhuri. Nikamwambia nilikosea, kwamba nilimkosea yeye, kwamba nilijua na nikakaa kimya. Alisikiliza vizuri, anaitikia pale panapostahili, kama alivyokuwa akinisikiliza nikimsomea insha za shule ya msingi.

"Picha nzuri," alisema. "Imetoka vizuri sana."

"Mjomba, umenielewa? Mikono yako haikuwa na kosa. Haijawahi kuwa na kosa."

"Nimekuelewa, mama. Nimekusamehe kama kuna la kusamehe. Ila usihangaike na watu wa ofisini kwa ajili yangu. Siwezi kurudi."

Nikamwekea kile kipande cha shaba na kiberiti juu ya stuli, mbele yake. "Basi hapa hapa tu. Shika. Ujionee mwenyewe."

Alikitazama kile kipande muda mrefu. Niliona vidole vyake vikijongea kidogo, kisha vikarudi. "Nikikiharibu utaaibika," akasema. "Tayari umeshaniletea barua nzuri."

"Mjomba, tafadhali."

"Wewe ulisoma, mama. Mimi nilikuona tangu darasa la kwanza, hujawahi kuandika jambo usilolipima. Ulipoandika yale nilikaa nikaichunguza hii mikono kila siku, na kweli nikaanza kuona. Sasa umekuja kunionea huruma, kwa sababu unanipenda. Najua unanipenda." Akainyoosha yote miwili mbele yangu, viganja chini, vidole vimetengana. "Angalia basi. Huoni inavyotetemeka?"

Nikaangalia. Dirisha lilikuwa wazi na mwanga ulikuwa mzuri. Mikono ile ilikuwa imetulia. Hakuna kidole kilichocheza, hata nusu ya unywele.

"Haitetemeki, mjomba."

Akatabasamu, tabasamu la mtu anayepokea uongo mzuri, akairudisha mapajani.

Mama aliingia na bakuli la maji ya moto, sabuni na wembe, akamfunga taulo shingoni. Akaniomba nisogee kidogo nimpishe mwangani. Mjomba akainua kidevu na kufumba macho, naye akaanza kumnyoa ndevu, kama anavyofanya siku hizi kila Jumamosi.